Sauti Ndani ya Mchezo wa Magari

Wakhungu hakupenda michezo ya runinga, na wala hakuficha. Kwa miaka mitatu binti yake Jentrix aliendesha chumba cha michezo nyuma ya soko la Kitengela, yeye na rafiki yake Naisula. Mlikuwa na mashine nne, runinga nne na viti vya plastiki, na vijana waliingia humo kushindana mpira au mbio za magari kwenye kioo. Jentrix alikuwa na mkono mwepesi kuwashinda wote, hata wakambandika jina la Dereva. Baba yake alipita nje ya chumba hicho kila jioni akitoka stendi, na katika miaka hiyo mitatu hakuwahi kuinama mlangoni hata kusalimu.

"Duka la uvivu," ndivyo alivyokiita.

Yeye mwenyewe alikuwa karani wa stoo katika shule moja ya bweni mjini Kajiado, mtu wa miaka hamsini na saba aliyefiwa na mke, shemasi kanisani, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Alitoka Funyula akiwa kijana, na kwa miaka kumi na minane alikuwa amepanga nyumba ya vyumba viwili katika ploti ya Mzee Katoo. Watu walimheshimu. Aliipenda heshima hiyo, na huko ndiko tatizo lake lilikoanzia.

Mwaka jana aliamua kwamba mambo ya binti yake lazima yabadilike. Jentrix alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita, hana mume, hana ajira ya kuandikwa. Wakhungu akampata wakala mmoja kule Rongai aliyekuwa akiwapeleka wasichana nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Jentrix hakutaka. Alisema chumba kinamlisha. Baba akasema mchezo haujawahi kumlisha mtu, akatia saini ya mzazi kwenye fomu, na juu yake akatia saini karatasi iliyosema msichana amepitia mafunzo ya wiki nne, mafunzo ambayo hakuyapitia hata siku moja. Chumba kikafungwa. Mashine tatu zikauzwa, ya nne ikafungiwa kwenye katoni juu ya kabati.

Kazi ya nyumbani ni kazi ya halali, na anayeifanya kwa uaminifu hana cha kuonea haya. Aibu aliileta Wakhungu mwenyewe. Siku ya harambee ya kumsindikiza, mbele ya wapangaji na waumini, alisimama akatangaza kwamba binti yake amepata kazi katika hospitali kubwa, atakuwa msaidizi wa wauguzi. Hakuna aliyemlazimisha. Aliona tu kwamba neno hospitali linakaa vizuri mdomoni kuliko neno yaya. Mzee Katoo, mwenye ploti, ndiye aliyekuwa mgeni wa heshima. Alikuja na shuka nyekundu juu ya koti la suti, akatoa mchango wake, akaongeza na beberu mzima, kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha Jentrix akamwombea kwa Kimaa. Jentrix aliinama akaombewa. Alijua ukweli, na baba yake alijua kwamba anajua.

Jentrix akaondoka. Kwa miezi minne alipiga simu kila Jumapili, maneno machache, sauti ya chini, na baba hakumuuliza yuko mji gani wala kwa nani. Mwezi wa tano simu ikazimika, na haikuwaka tena. Wakhungu akaenda Rongai kumtafuta wakala, akakuta ofisi imegeuzwa saluni. Akarudi nyumbani. Majirani walipomuuliza habari za Jentrix alijibu kwamba hospitali ina wagonjwa wengi, hapati muda.

Miezi miwili ikapita hivyo, hadi Jumatatu moja jioni Naisula alipobisha hodi. Siku hizi alikuwa akiuza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, na alikuja bado amevaa aproni ya duka. Hakuketi.

"Baba Jentrix, angalia hii."

Alimpa simu yake. Ilikuwa na programu ya ile mashine ya michezo, ambayo wachezaji huitumia kuandikiana. Ujumbe ulikuwa umeingia asubuhi hiyo, na ulitoka kwa akaunti ya zamani ya Jentrix. Wakhungu alivaa miwani akausoma polepole.

*Nai ni mimi. Simu walichukua. Natumia mashine ya watoto wa hapa. Hii nafuta. Usinijibu hapa wanasoma kila kitu. Tupatane kwa magari saa tatu asubuhi ya Kenya wakiwa shule, tuongee kwa mic. Wikendi usijaribu wako nyumbani. Baba anitoe huku.*

"Anitoe?" alisema Wakhungu. "Kwani ako jela?"

"Mtu akinyang'anywa simu miezi miwili, wewe unaitaje, mzee?"

Wakhungu alivua miwani, akaivaa tena. Akauliza kwa nini Jentrix hakuandika jina la mji, au jina la tajiri wake, ili watu wajue pa kuanzia.

"Hiyo unaandika na padi ya kuchezea, herufi moja moja, na runinga ni kubwa kama mlango. Mtu akiingia sebuleni anaona. Lazima aongee. Akituambia mtaa na jina la hiyo familia, hapo ndio tunaweza kwenda ofisi ya leba ya serikali na kitu mkononi."

"Basi mpigie kesho saa tatu."

"Ndio shida sasa." Naisula hatimaye aliketi. "Hiyo mashine, ukiipigia sauti ya kawaida, huko kwao imefungwa. Sauti inapita ndani ya mchezo peke yake. Na huo mchezo wa magari unapanga watu kulingana na mahali wako. Sisi wa Kenya unatutupa na watu wa Ulaya. Yeye unamtupa na Waarabu wa huko. Tunaweza kuzunguka mwaka mzima na tusionane. Kumwalika pia siwezi, mwaliko unatokea kwa skrini. Kwa hivyo tunafaa kuidanganya mashine kwamba tuko Ghuba."

"Kuidanganya?"

"Kuna kitu kinaitwa VPN. Mtandao wako unapitia nchi nyingine kwanza, halafu mchezo unadhani unaishi huko."

"Mimi sidanganyi, Naisula."

Alilisema hilo bila kupepesa macho, mtu aliyedanganya harambee nzima.

Walianza kazi usiku huohuo wa Jumatatu. Wakhungu aliteremsha katoni, akapangusa vumbi, na Naisula akaunganisha nyaya kwenye runinga ya sebuleni kana kwamba chumba cha nyuma ya soko hakijafungwa. Kisha wakakaa na simu kuchagua hiyo VPN. Zilikuwa nyingi kuliko dawa za kikohozi kwenye duka la dawa, na kila moja ilijisifu kwamba ndiyo ya kasi zaidi duniani.

"Hii imeandikwa ni ya bure," alisema Wakhungu.

"Za bure achana nazo. Hazina nchi nyingi, na zinakokota."

"Bure ni bure. Ijaribu."

Naisula aliijaribu, kwa sababu yeye ni mtoto na huyu ni mzazi. Ile ya bure ilikuwa na nchi tatu, zote za mbali, na hakuna hata moja ya Ghuba. Ya pili nayo ilidai ruhusa ya kusoma majina yote ya watu walio kwenye simu. Ya tatu ilifunguka vizuri, ikaonyesha tangazo la kamari, likafuata lingine, halafu ikaganda. Jumanne yote iliishia hapo. Saa tatu asubuhi ilifika, Jentrix pengine akaketi mbele ya runinga ya watu na kitambaa cha vumbi mkononi, na upande wa Kitengela hakukuwa na mtu.

Jumatano Wakhungu alikubali kulipia. Naisula akachagua moja kwa vigezo vitatu alivyovihesabu kwa vidole: iwe na kituo katika Ghuba yenyewe, ifanye kazi ndani ya rauta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, na isipunguze kasi mpaka gari liruke badala ya kukimbia.

"Kwa nini rauta?" aliuliza Wakhungu. "Si umeiweka kwa simu yako?"

"Kwa simu imekubali. Lakini mashine yenyewe haina mahali pa kuiweka. Na nikiipa mashine mtandao wa simu yangu, VPN inabaki kwa simu, haivuki. Ni mbili tu: ama tupate kompyuta ikae katikati, ama tuiweke ndani ya rauta."

Kompyuta katika ploti hiyo ilikuwa moja, ya Mugure wa nyumba namba saba, aliyekuwa akifanya kazi za kuandika kwa mtandao tangu asubuhi hadi jioni. Rauta nayo ilikuwa moja, ya ploti nzima, imefungwa ukutani nyumbani kwa Mzee Katoo, na nywila yake ilikuwa ndani ya daftari la Mzee Katoo. Ilikuwa ya aina nzuri. Naisula aliitazama kupitia dirishani akasema ina ukurasa wa VPN ndani yake, ni kuweka faili moja tu.

"Kwa hivyo ni kumwambia Mugure au kumwambia mzee," alisema. "Ukiwaambia ukweli watakataa kweli? Ni Jentrix."

Wakhungu alikuwa akiiona harambee ile: viti, hema, beberu amefungwa kwenye mguu wa meza, na yeye amesimama akisema hospitali.

Alhamisi jioni alivuka ua kwenda kwa Mzee Katoo. Mzee alikuwa ameketi barazani akichokonoa meno, redio pembeni.

"Sopa, Bwana Wakhungu."

"Epa, Mzee Katoo."

"Na daktari wetu? Hajambo huko?"

"Hajambo. Kazi ni nyingi."

"Ashe, asante. Mungu ampe nguvu. Mimi kila nikikohoa nasema ningojee Jentrix arudi anidunge sindano." Mzee alicheka peke yake. "Sema shida yako. Wewe huji hapa kusalimia tu."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mzee alikuwa ameuliza kwa jina, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Maneno yalikuwa machache: si daktari, ni mfanyakazi wa nyumba, amenyang'anywa simu, nilikudanganya, nisaidie. Mtu mwenye miaka hamsini na saba anaweza kuyasema kwa pumzi moja. Wakhungu akafungua kinywa.

"Nataka kutazama mpira, mzee. Ule wa Uingereza. Kuna kitu inaitwa VPN, inawekwa kwa rauta, ndio mpira uonekane."

"Wewe? Mpira?" Mzee Katoo alitoa kijiti mdomoni. "Tangu lini? Timu yako ni gani?"

"Ile nyekundu."

"Nyekundu ni nyingi, bwana."

"Ile nyekundu ya zamani."

Mzee akacheka hadi machozi. Kisha akafikiria, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akauliza kama jambo hilo litawaumiza wapangaji wengine. Wakhungu akakiri kwamba mtandao wa ploti yote utakuwa ukizungukia huko kabla ya kurudi, na huenda ukapungua kasi.

"Basi siku za kazi hapana," alisema Mzee Katoo. "Mugure anakula kwa huo mtandao. Lakini mpira si ni wikendi? Jumamosi mchana nitakuja mwenyewe na daftari tuweke, jioni tunatoa. Jumapili pia, baada ya kanisa. Na mimi nitakuja tuangalie pamoja, nione hiyo timu yako ya zamani."

Wakhungu alishukuru. Alivuka ua kurudi kwake akiwa amepewa alichoomba.

Naisula alipoambiwa alisimama.

"Mpira? Baba Jentrix! Ameandika wikendi tusijaribu! Ameandika!"

"Tutaweka Jumamosi tuone kama inafanya. Jumatatu nitaongea na mzee vizuri."

"Ongea leo. Kesho ni Ijumaa, kesho asubuhi wako shule."

"Nimesema Jumatatu."

Ijumaa saa tatu asubuhi Wakhungu alikuwa Kajiado, akitoa maharagwe stoo kwa wapishi. Mara mbili mpishi alimwambia amempimia pungufu.

Jumamosi saa nane mchana Mzee Katoo alifungua daftari, akasoma nywila kwa sauti kana kwamba anasoma tangazo la kifo, na Naisula akaiingiza. Aliweka faili, akachagua nchi aliko Jentrix, akangoja. Taa ya rauta ilizima, ikawaka. Mzee akasema anaenda kumalizia chakula, mpira ukianza aitwe. Naisula na Wakhungu wakarudi kwenye runinga.

Ilifanya kazi. Hilo ndilo la kusikitisha zaidi, kwamba kila kitu kilifanya kazi. Mashine ilipopima mtandao iliandika jina la nchi ya Ghuba. Mchezo ulipofunguka uliwaingiza katika uwanja mpana wa barabara na majengo ya kioo ambamo magari ya watu wengine yalikuwa yakizunguka yakingoja mashindano, na kutoka kwenye vipokea sauti zikamiminika kelele za watoto, wote kwa Kiarabu. Naisula alipiga paja.

"Tuko ndani. Tuko huko! Sasa usiguse hiyo mic, mzee. Tumeona inakubali, nazima. Jumatatu tunarudi."

Alikuwa akitafuta kitufe cha kutokea. Kabla hajakipata, gari la buluu lilipita karibu nao, na juu yake kulikuwa na jina kwa herufi nyeupe. Lilikuwa jina la akaunti ya Jentrix.

"Ni yeye!" alisema Wakhungu.

"Si yeye! Ni Jumamosi! Aliacha akaunti ndani ya mashine yao, hao watoto wanafungua yoyote. Mzee, ngoja..."

Lakini Wakhungu alikuwa amekwisha kuvivuta vipokea sauti kutoka kichwani mwa Naisula. Miezi miwili hakuwa amesikia sauti ya mtoto wake, na jina lake lilikuwa pale, umbali wa mita moja, likienda mbio. Alishika ile mic kwa mikono yote miwili.

"Jentrix! Jentrix, ni baba! Uko wapi? Niambie uko mji gani! Jentrix!"

Kelele za watoto zilikatika. Gari la buluu lilisimama. Kisha ikasikika sauti ya mtoto wa kike, wa miaka kumi hivi, aliyeuliza kwa Kiingereza kizuri cha shule:

"Jentrix? Jentrix wetu? Wewe ni nani?"

Wakhungu hakujua aseme nini, akasema ukweli. Ulikuwa ukweli wake wa kwanza kwa miezi mingi, na aliusema mahali pasipostahili.

"Mimi ni baba yake."

Mtoto yule aliita mtu kwa Kiarabu, kwa sauti ya kushtaki. Nyuma yake ikasikika ya mwanamke mzima, ikikaribia. Kisha jina lile jeupe likatoweka, na gari nalo likatoweka.

Naisula alikuwa ameziba uso kwa viganja. Wakhungu aligeuka, akamwona Mzee Katoo amesimama mlangoni na chupa ya maziwa mkononi. Alikuwa amekuja kutazama mpira.

"Jentrix si ako hospitali?" aliuliza mzee.

Ndipo yote yakasemwa. Yalisemwa na Naisula zaidi, kwa sababu Wakhungu alikuwa ameketi sakafuni na vipokea sauti vikiwa shingoni, akirudia kwamba hakujua, hakujua. Mzee Katoo alisikiliza akiwa amesimama palepale. Naisula alipomaliza, mzee aliweka maziwa juu ya meza kwa uangalifu.

"Alhamisi ulisimama pale kwangu," alisema. "Nilikuuliza habari ya huyo mtoto. Mimi ndiye nilikuuliza. Ungeniambia Alhamisi, ningekupa hiyo rauta uning'inize shingoni. Ijumaa asubuhi ungekuwa umeongea na yeye."

"Niliona aibu, mzee."

"Ya nini? Mama yangu alichunga mbuzi za watu mpaka akafa. Kazi ni aibu?" Aliangalia runinga, ambako magari yalikuwa bado yanazunguka. "Nilimwombea kwa kazi ya uongo, Wakhungu. Mungu nilimwambia hospitali."

Hakumwita tena Bwana. Alitoka akaacha mlango wazi.

Hata hivyo hakuitoa ile faili kwenye rauta, jioni hiyo wala siku iliyofuata. Jumapili baada ya kanisa aliwaita wapangaji barazani kwake akawaeleza, na wakati huo Wakhungu alikuwa amesimama pembeni akitazama viatu vyake. Alitarajia maneno makali. Angeyapokea kwa nafuu. Lakini hakuna aliyemtukana. Mugure alisema saa tatu hadi saa nne ataacha kazi, atakuwa akifua. Mwingine akauliza kama wafunge na kuomba kwa ajili ya mtoto. Mama mmoja alimletea uji. Huruma yao ilimkalia shingoni, kwa sababu ilikuwepo tangu mwanzo, na aliizunguka miezi yote hiyo.

Jumatatu Wakhungu aliomba ruhusa kazini, na Naisula akaomba kwake. Saa tatu kamili, huko kwa Jentrix ikiwa saa nne, waliingia katika mchezo. Jina la Jentrix lilikuwa kijivu kwenye orodha. Chini yake mashine iliandika kwamba mara ya mwisho alionekana siku mbili zilizopita. Wakangoja hadi saa nne. Jumanne iliandika siku tatu. Jumatano Naisula ilibidi arudi dukani, na alimwacha mzee na maelezo kwenye karatasi.

Alhamisi Wakhungu alikwenda Nairobi, ofisi ya leba. Alisema kila kitu. Ofisa, kijana mpole, aliandika, kisha akauliza maswali yake moja baada ya jingine: jina la mwajiri, mji, mtaa, namba ya mkataba. Wakhungu hakuwa na hata moja. Ofisa akatafuta jina la wakala kwenye kompyuta, halikuwamo. Akatazama nakala ya fomu aliyoletewa, akauliza:

"Hii saini inayosema alipata mafunzo ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Alipata?"

"Hapana."

Kijana aliandika. Akamwambia taarifa itatumwa kwa ubalozi, na kwamba walio kama Jentrix ni wengi, na bila anwani kazi ni ngumu. Akamwambia wakipata lolote atapigiwa simu. Hajapigiwa.

Naisula alijaribu njia moja ya mwisho. Aliiandikia ile akaunti, kwa Kiingereza, ujumbe wa heshima kwa mwenye nyumba, akimwomba amruhusu Jentrix azungumze na baba yake dakika tano tu. Ujumbe ulionekana umefika. Siku iliyofuata, Naisula alipofungua orodha ya marafiki, akaunti ya Jentrix haikuwamo tena. Naisula alikuwa ameondolewa urafiki, au akaunti yenyewe ilikuwa imefutwa. Hakuna njia ya kujua ni lipi kati ya hayo, na hakuna njia ya kujua ni mkono wa nani uliofanya.

Watu wangedhani hapo Wakhungu angeirudisha mashine kwenye katoni. Hakuirudisha. Mwalimu mkuu amemruhusu kuingia kazini saa sita hadi muhula uishe, kwa hivyo kila asubuhi ya siku ya kazi hukaa kwenye kiti cha mbao mbele ya runinga, shati limepigwa pasi, na kuingia katika ule uwanja wa majengo ya kioo. Hoja yake ni kwamba Jentrix anajua saa na anajua mahali. Akipata mashine nyingine, nyumba nyingine, jina jingine, atakuja hapohapo. Naisula amemweleza kwamba kuna viwanja vingi vya namna hiyo, na mchezo humwingiza mtu popote unapotaka. Alisikia. Hakubadilisha chochote.

Saa hizo watoto wako shule. Waliomo ni wachache, wengi wanaume, wasiosema neno. Juzi ilisikika sauti ya mwanamke, na Wakhungu akainuka kitini hadi waya ukamvuta. Haikuwa yeye. Ilikuwa lugha asiyoijua, si Kiarabu, si Kiingereza. Mwanamke huyo alitaja jina moja mara tatu, akangoja, kisha akanyamaza.

Mwanzoni alikuwa akiliegesha gari pembeni na kusikiliza tu, lakini alikuwa akifukuzwa. Mtu akisimama kwa dakika moja mchezo humhesabu kwamba ameondoka, humtoa, na kumpeleka kwingine. Kwa hivyo alijifunza. Anashika padi kwa vidole vyake vinene vya stoo, anabonyeza kitufe cha mwendo kidogo kidogo, anakata kona kabla kona haijafika, anagonga ukuta, anarudi nyuma. Wengine humpita wakimpigia honi. Haendi popote na hashindani na mtu. Anazunguka barabara ileile, polepole, upande wa kulia, na kila gari likimkaribia hulitaja lile jina kwenye mic kwa sauti ya chini, halafu husikiliza, halafu huendelea kuendesha.